Kigurudumu Kilichodhaniwa Sarafu

Ni Novemba, mahindi yameshavunwa na mabua yamelala chini. Mtu anatembea polepole katika shamba la Connecticut, kaskazini-mashariki mwa Marekani, akiyumbisha mbele yake fimbo yenye sahani mwishoni. Ni mashine ya kutafutia metali, ile ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu kwetu huiita ditekta. Ghafla inamlilia masikioni, mlio mwembamba wa juu unaotangaza fedha au shaba. Anapiga magoti, anakata bonge la udongo, analivunja kwa vidole. Ndani unachungulia ukingo wenye meno madogo madogo kama ya shilingi. Moyo unamwenda mbio. Analowesha kidole gumba kwa mate, anasugua, na furaha inamshuka. Ni kijiduara cha shaba ya njano chenye tundu katikati lililojaa kutu ya chuma, na kwenye uso wake kuna herufi zilizopigwa kwa mviringo, nusu yake zimelika.

Kila aliyecheza mchezo huu miaka miwili mitatu amewahi kudanganywa na kijiduara hicho. Ni kigurudumu cha taa ya mafuta, kile tunachokizungusha kwa kidole gumba na cha shahada ili utambi upande au ushuke. Meno ya ukingoni yaliwekwa ili vidole vyenye mafuta visiteleze. Wengi hukitia mfukoni pamoja na vifuniko vya chupa na kuendelea na safari, wakitafuta sarafu. Mimi naona wanaitupa barua bila kuifungua.

Kwanza tujiulize kwa nini ni hicho kinachobaki. Taa ya mafuta ikianguka, kioo ndicho kinachotangulia kufa. Tangi la mafuta, likiwa la kioo pia, huufuata mkondo huohuo. Utambi ni pamba, unaoza. Mabati yanaliwa na kutu. Kinachobaki ni kichwa cha taa, yaani kile kipande cha shaba kinachoushika utambi na kukibeba kioo, na nacho kikiwa jalalani hukanyagwa, kikapondwa na jembe la trekta hadi kikawa kama karatasi iliyokunjwa. Kigurudumu ni kidogo na kigumu. Kijiti cha chuma kilichokiunganisha na kichwa kikishaoza, kinaachana na ndugu zake na kulala peke yake.

Hapa lugha yetu ina kichekesho chake. Sisi taa hii tuliipa jina la kioo chake: chemni, na wengine chemli, neno la Kiingereza la bomba la moshi lililovaa kanzu. Tuliita chombo kizima kwa kiungo chake dhaifu kuliko vyote. Kigurudumu hatukukipa hata jina la kudumu. Nyumbani kwetu kiliitwa tu “hicho cha kupandishia”, na mtoto aliyekipandisha kupita kiasi, kioo kikawa cheusi kwa moshi, alijua kesho yake asubuhi nani atakisugua kwa majivu na karatasi ya gazeti.

Anayeshika kipande cha taa kilichotoka ardhini asianze kwa kuuliza mwaka. Aanze kwa kuuliza mafuta. Kila aina ya mafuta ina tabia yake, na fundi wa taa hana budi kuitii. Ukijua taa ilikunywa nini umeshapata nusu ya tarehe.

Tuanze na mafuta ya nyangumi. Mwaka 1787 huko Birmingham, Uingereza, mtu aitwaye John Miles alipewa hataza ya taa iliyofungwa juu kwa kifuniko kilichokaza, utambi ukipita ndani ya mirija, ili taa ikipinduka mafuta yasimwagike. Umbo hilo likavuka bahari. Kwa zaidi ya nusu karne Wamarekani walisoma, walishona na kuuguza wagonjwa kwa mwanga wa taa za namna hiyo, na mafuta yalitoka bandari za Nantucket na New Bedford. Katikati ya miaka ya 1840 meli za Marekani za kuwinda nyangumi zilizidi 700. Baadhi zilifika hadi maji yetu. Unguja ilikuwa kituo chao cha kuchukua maji, matunda na kuni, na biashara ya Wamarekani pale ilikuwa na msingi wa mkataba uliotiwa saini na Sayyid Said mwaka 1833. Mwandishi J. Ross Browne, aliyepanda meli ya nyangumi kama baharia wa kawaida na kuichukia kwa moyo wote, alishukia Unguja mwaka 1843, na miaka mitatu baadaye alichapisha kitabu chake kuhusu safari hiyo. Kwa hiyo mafuta yaliyowaka katika jiko la mkulima wa Connecticut huenda yalitoka kwa nyangumi aliyechomwa chusa karibu na kwetu kuliko kwake. Watu wa Unguja wenyewe waliwasha mafuta ya nazi na ya ufuta.

Mafuta ya nyangumi ni mazito. Yanapanda utambi kwa uvivu, na penye baridi yanaganda. Basi kichwa cha taa yake utakitambua hata kikiwa kimepondeka. Ni bamba la mviringo lenye mirija miwili iliyosimama wima, sambamba, imekaribiana kama mapacha. Juu ya bamba mirija ni mifupi. Chini inaendelea kushuka, ikiingia ndani ya mafuta ili shaba iliyopata moto juu iyapashe mafuta yaliyo chini. Ubavuni mwa kila mrija mara nyingi kuna mwanya mdogo ambamo mtu aliingiza sindano au msumari kuuinua utambi. Kigurudumu bado hakijazaliwa.

Halafu siku nyingine, katika shamba hilohilo, mashine inatoa bamba lingine lenye mirija miwili, na mtu asiyejua huliweka pamoja na la kwanza. Hapana. Tazama vizuri: mirija hii ni mirefu, myembamba kuelekea ncha, na imepanuka kama vidole viwili vilivyotanuliwa. Chini ya bamba hakuna mrija unaoendelea. Na pembeni kuna mnyororo mwembamba, au kitundu ulimokuwa umefungwa, na mwisho wa mnyororo kikofia kidogo kama kifuniko cha kidole cha mshonaji. Taa hii ilikuwa mauti mezani.

Mafuta yake yalikuwa mchanganyiko wa spiriti na tapentaini iliyosafishwa, ambao hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1830 kwa Isaiah Jennings. Ulikuwa rahisi kuliko mafuta bora ya nyangumi, haukunuka samaki, mwanga wake ulikuwa mweupe. Lakini mvuke wake ulilipuka. Mtu akijaza tangi huku utambi unawaka, au akiteleza na taa mkononi, nguo zake zilishika moto kabla hajapiga kelele. Magazeti ya miaka ya 1840 na 1850 yamejaa habari za namna hiyo, wengi wa waliokufa wakiwa wanawake na watumishi wa ndani, maana ndio waliojaza taa. Sasa rudi kwenye umbo. Mirija ni mirefu ili moto ukae mbali na tangi. Imetanuliwa ili miali miwili isipashane joto. Haishuki chini ya bamba kwa sababu hakuna haja ya kuyapasha mafuta yanayotamani kuruka yenyewe. Na vikofia ni vya kuzimia, kwani kupuliza taa ya namna hiyo ni kuchezea uhai, kisha hubaki vimefunika ili spiriti isipotee hewani. Kila milimita ya kipande kile iliandikwa na hofu.

Mwisho wake nao una tarehe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, tapentaini iliyotoka misitu ya misonobari ya kusini ilikatika. Mwaka uliofuata serikali ya Washington, ikitafuta fedha za vita, iliitoza spiriti kodi ya senti 20 kwa galoni, na kufikia 1865 kodi hiyo ilikuwa dola 2. Hakuna mkulima aliyeweza kuwasha bei hiyo. Ukipata kichwa chenye mirija iliyotanuka, una haki ya kusema kwa ujasiri kwamba kilitengenezwa baada ya 1830, na kwamba siku zake za uhai zilikwisha karibu na vita vile.

Kilichochukua nafasi yake tayari kilikuwa mlangoni. Daktari na mwanajiolojia wa Kanada, Abraham Gesner, alikuwa ameonyesha hadharani mwaka 1846 mafuta mepesi aliyoyakamua kutoka makaa ya mawe, haya tunayoyaita mafuta ya taa, akayapa jina kutokana na neno la Kigiriki la nta. Hataza zake za Marekani ni za tarehe 27 Juni 1854. Huko Scotland James Young alikuwa na hataza yake ya 1850. Na katika mji wa Lwów, uliokuwa chini ya Austria wakati huo, mfamasia Mpolandi Ignacy Łukasiewicz alikuwa amesafisha mafuta ya ardhini, na fundi bati wa mji huo, Adam Bratkowski, akamtengenezea taa ya kuyachoma. Tarehe 31 Julai 1853 taa hizo ziliwaka hospitalini kumwangazia daktari wa upasuaji usiku. Baadaye, tarehe 27 Agosti 1859, kisima cha Edwin Drake kilipofikia mafuta katika kina cha mita 21 hivi huko Titusville, Pennsylvania, bei ikaanguka na nyangumi wakapumua kidogo.

Nitoke nje ya njia kidogo. Mpolandi mwingine, mhandisi Józef Kosacki, ndiye aliyebuni mwaka 1941, akiwa uhamishoni na jeshi lake huko Scotland, mashine nyepesi ya kutafutia mabomu ya ardhini. Mashine 500 za aina yake zilitangulia mbele ya vifaru huko El Alamein mwaka 1942. Baada ya vita mashine za jeshi ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na raia wakaanza kutembea nazo mashambani wakitafuta sarafu. Mpolandi mmoja aliwasha taa, mwenzake akatoa chombo cha kuziokota zilipokwisha kuzikwa.

Mafuta ya taa yalidai kichwa kipya kabisa. Ni mepesi, yanapanda utambi yenyewe, ila yana kaboni nyingi: bila hewa ya kutosha yanatoa moshi mweusi, kama ajuavyo kila aliyelelewa na kibatari au koroboi na kuamka na masizi puani. Hivyo utambi ukawa bapa kama utepe. Juu yake ikawekwa kuba ndogo ya shaba yenye ufa, inayosukuma hewa kwenye ubavu wa mwali. Juu ya kuba kikasimama kioo kirefu, kivute hewa kama bomba la jiko. Pembeni makucha manne ya kukishika kioo. Chini, sahani yenye matundu ya kupitishia hewa. Na kwa kuwa utambi bapa hauinuliki kwa sindano, ndani vikawekwa vigurudumu vyenye meno vya kuung'ata na kuupandisha, vimeshikwa na kijiti kinachotokeza nje, na kwenye ncha ya kijiti hicho kile kijiduara chetu. Ukikipata kijiduara hicho, hata peke yake, kwa kawaida umeshavuka mstari: enzi ya nyangumi na ya spiriti zimebaki nyuma yako.

Tena kijiduara kilikuwa na uso mtupu, na wafanyabiashara hawapendi uso mtupu. Bonde la mto Naugatuck huko Connecticut lilikuwa makao ya shaba ya Marekani. Katika mji wa Waterbury kampuni ya Scovill, yenye mizizi ya mwaka 1802, ilianza kwa vifungo vya nguo. Watafutaji wa metali leo huokota vifungo vyake vya makoti ya askari wa Kaskazini na vichwa vyake vya taa katika uwanja uleule. Holmes, Booth & Haydens walianza mwaka 1853. Plume & Atwood walianza 1869 kwa jina lililofanana mno na la jirani zao hao, wakalibadili mwaka 1871, kwa hiyo herufi P & A hazimo katika taa yoyote ya kabla ya hapo. Katika mji wa Meriden, si mbali, walikuwapo Edward Miller na Bradley & Hubbard. Jina likisomeka, kazi ya kukisia inapungua sana, kwani miaka ya kampuni hizi inajulikana.

Kuhusu tarehe, hapo ndipo wengi hujikwaa. Kigurudumu kinasema PAT'D, yaani kimepewa hataza, kisha mwezi, siku na mwaka. Mtafutaji anashangilia: taa yangu ni ya siku hiyo! Tarehe hiyo ni ya kuzaliwa kwa wazo. Sheria ya Marekani ya 1842 ilimlazimu mwenye hataza kupiga tarehe yake juu ya bidhaa, na kiwanda kikiwa na kalibu nzuri kiliendelea kuitumia mwaka baada ya mwaka. Tangu 1861 hataza ilidumu miaka 17. Kabla ya hapo ilikuwa 14. Kwa hiyo kinachosemwa na tarehe ni “si kabla ya hapa”, na kwa kukadiria tu, “pengine ndani ya miaka 17 inayofuata”. Zikiwa tarehe tatu au nne zimefuatana, ya mwisho ndiyo yenye sauti. Na kama hakuna tarehe bali namba ya hataza peke yake, elewa kwamba sheria ilibadilishwa mwaka 1927 ili namba ichukue nafasi ya tarehe.

Je, tarehe ikiwa imelika, huoni kama ni 1 au 7, 3 au 8? Ipo njia nzuri ya kuhakiki usomaji wako. Ofisi ya hataza ya Marekani hutoa hataza zake siku ya Jumanne, nayo imefanya hivyo tangu katikati ya karne ya 19. Ile 27 Juni 1854 ya Gesner ilikuwa Jumanne. Chukua kalenda ya zamani, weka tarehe unayodhani umeisoma. Ikiangukia Alhamisi, macho yako yamekudanganya, rudi kwenye kioo cha kukuzia. Nimeona watu waliobishana kwa jioni nzima juu ya tarakimu moja wakinyamazishwa na Jumanne.

Ardhi ya shambani huchanganya mambo: juu ya kipande cha 1860 kinalala cha 1910, jembe linavibadilishia vitanda. Anayetaka kujua kwa hakika nini kilitumika lini anahitaji mahali palipofungwa siku moja na kutofunguliwa tena. Mto Missouri umetoa mahali pawili pa namna hiyo, na pote pawili paligunduliwa kwa mashine za jamii moja na ditekta, zile zinazopima mvuto wa sumaku wa chuma kilichozikwa.

Meli ya mvuke Arabia iligonga gogo la mti lililozama na kuzama tarehe 5 Septemba 1856, karibu na Kansas City, ikiwa na shehena ya maduka ya mipakani. Mto ukahama. Mwaka 1987 David Hawley alipita juu ya shamba la mahindi na mashine yake, nusu maili kutoka mtoni, akaisikia meli ikiwa mita 14 hivi chini. Yeye na wenzake waliichimbua majira ya baridi ya 1988 na 1989, na leo shehena yake ina jumba lake la makumbusho. Ndugu yake Bertrand ilizama tarehe 1 Aprili 1865 kwenye mto huohuo, ikielekea Fort Benton, Montana, kuwauzia vitu wachimbaji wa dhahabu. Ilipatikana mwaka 1968, chini ya tope, ndani ya hifadhi ya wanyama ya DeSoto, na shehena ikabaki mali ya umma. Kati ya vitu vyake zimo taa, pamoja na saa, vioo na bilauri.

Meli hizi mbili zilizama katika mto mmoja, zikitenganishwa na miaka tisa kasoro miezi michache. Katikati yake ndimo kilimochimbwa kisima cha Titusville, ndimo vita vilipopiganwa, ndimo spiriti ilipotozwa kodi. Lolote lililotoka Arabia haliwezi kuwa jipya kuliko Septemba 1856, na lolote la Bertrand haliwezi kuvuka Aprili 1865. Mtafutaji wa Connecticut akilinganisha kipande chake na vya makumbusho hayo, anapata ushahidi usiotegemea kumbukumbu ya mtu wala tangazo la kiwanda.

Neno moja la sheria, maana kuna wanaodhani cha ardhini ni cha aliyekiona. Sheria ya Marekani ya 1979 ya kulinda mabaki ya kale inaweza kukihesabu kitu chenye zaidi ya miaka 100 kilicho kwenye ardhi ya serikali kuu kuwa kitu cha kulindwa. Kichwa cha taa cha 1880 kimeshavuka umri huo zamani. Uingereza nako, bila ruhusa ya mwenye shamba, huna ruhusa. Tanzania ina Sheria yake ya Mambo ya Kale ya 1964, na kuchimbua mabaki ya kale bila kibali ni kosa. Kipande kilichong'olewa mahali pake bila kuandikwa kilikuwa wapi na kando ya nini kimepoteza nusu ya maneno yake hata kama herufi zote zinasomeka.

Ukivuka Atlantiki, alama zinabadilika. Kwa Waingereza tazama vigurudumu viwili vilivyokaa bega kwa bega, kila kimoja na utambi wake bapa: huo ni mtindo wa tambi mbili uliovuma baada ya hataza ya James Hinks wa Birmingham, mwaka 1865. Tazama pia alama ya msambamba iliyosimama kwa ncha kama kishada, yenye herufi pembeni. Ilitumika kuanzia 1842 hadi 1883 kwa maumbo yaliyosajiliwa, na tarakimu ya Kirumi I kileleni inasema kitu hicho ni cha metali. Tangu 1884 kishada kikatoweka, zikaja namba tupu zilizotanguliwa na Rd. Ni neema kwa mtu mwenye kipande kilichovunjika, kwani herufi na tarakimu za kishada zinataja mwaka, mwezi na siku ya kusajiliwa.

Wajerumani ndio walioifunika dunia. Kiwanda cha Wild & Wessel cha Berlin kilitoa mwaka 1865 kichwa kilichoitwa Kosmos: utambi unaingia bapa chini, unakunjwa ndani ya kichwa hadi unatokea juu ukiwa duara, mwali ukawa pete. Kikaigwa kila mahali. Kwenye vigurudumu vya aina hiyo kuna tarakimu kama 8, 10 au 14 ikifuatwa na vistari vitatu vidogo juu. Siyo tarehe, wala bei. Ni kipimo cha zamani cha mistari, kumi na miwili kwa inchi moja, kikionyesha ukubwa wa kichwa. Herufi DRP ni hataza ya dola ya Ujerumani, na dola hiyo haikuwa na sheria yake ya hataza hadi 1877. DRGM ni ulinzi wa hadhi ndogo zaidi ulioanza 1891. Maneno Made in Germany yana kisa cha kuchekesha: Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1887 ili mnunuzi aone aibu kununua cha Mjerumani, na mnunuzi akaanza kukitafuta hasa hicho. Marekani ikafuata kwa sheria ya ushuru ya 1890. Kigurudumu chenye jina la nchi kwa Kiingereza, basi, kwa kawaida ni cha baada ya hapo; na kikisema W. Germany, hakiwezi kutangulia 1949, Ujerumani ilipogawanyika.

Kuna jina moja ambalo kila nikiliona nasita kulisugua. Huko Leipzig, mwaka 1863, kilianza kiwanda cha taa kilichokuja kuitwa kwa jina la Hugo Schneider, na kwa kifupi HASAG. Taa zake zilikuwa nzuri, zilisafiri mbali. Katika miaka ya 1930 kikageuzwa kiwanda cha silaha. Wakati wa vita kilitengeneza risasi na Panzerfaust, roketi ya mkononi ya kuvunjia vifaru, kwa mikono ya Wayahudi na wafungwa wengine waliotumikishwa hadi kufa katika kambi kama Skarżysko-Kamienna na Częstochowa huko Poland. Watafutaji wa metali wa Ulaya Mashariki huchimbua kazi za kiwanda hicho za nyakati zote mbili. Kwenye taa jina lilipigwa waziwazi, lisomwe na kila mtu. Kwenye maganda ya risasi ziliwekwa herufi za siri. Kwa anayetaka kuweka tarehe, tofauti hiyo inatosha. Kwa mengine haitoshi.

Kwetu pwani mafuta ya taa yalifika kwa meli, ndani ya masanduku ya mbao, kila sanduku na mikebe miwili ya bati ya galoni tano za Marekani, karibu lita 19 kila mmoja. Mkebe huo ukapewa jina lenye asili ya India, debe. Mafuta yakaisha, debe likabaki: likachota maji, likaezekea vibanda, likawa kipimo cha mahindi sokoni hadi leo, na mafundi wa uani wakalikata wakatengeneza vibatari visivyo na kioo wala kigurudumu. Kwa hiyo atakayeitafuta historia ya mwanga katika viwanja vyetu kwa mashine atakuta kwa uchache shaba ya Waterbury na kwa wingi kutu ya bati isiyo na herufi hata moja. Kibatari cha bibi yangu hakikuwa na tarehe, na udongo wa pwani hauachi bati likae.

Lakini shingo za taa zenye kola ya shaba hazikubadilika. Vipimo viwili vilivyokubalika Marekani baada ya vita vile vya 1861 hadi 1865, kimoja chenye upana wa milimita 22 na kingine 32, vimeendelea kutumika, na vichwa vya utambi bapa bado vinatengenezwa kwa nyuzi zilezile za kukazia. Ndiyo maana mtafutaji mzoefu hauamini mng'aro: kichwa chenye umbo la 1880 kinaweza kuwa kimetoka kiwandani juzi, chepesi, shaba yake nyembamba kama ganda. Na ndiyo maana pia akipata jalalani kola nzima, nyuzi hazijalika, huipeleka nyumbani, akaichemsha kwa maji ya sabuni, akachukua kichwa kipya alichokinunua dukani wiki ile, akakizungusha juu yake. Mzunguko wa kwanza unakwaruza kwa mchanga uliobaki. Wa pili unalainika. Wa tatu kinakaa.